Watu Walio Hai

Walimuua Komeo tena jioni ile, na mkewe akamfufua kabla chai haijapoa.

Kumfufua hakukuwa kazi kubwa. Alifungua ukurasa wa Komeo kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na yeyote mwenye muda, akaona palipoongezwa "alifariki dunia", akabonyeza "tengua". Maneno yakaondoka. Chini kabisa, katika maandishi madogo ambayo wasomaji wengi hawayafikii, ukarudi mstari alioupenda kuliko yote: Jamii: Watu walio hai. Alikuwa radhi wakosee idadi ya mechi zake, mwaka wake wa kuzaliwa, hata jina la mke, lakini si mstari ule.

"Wamekuua tena," alisema kuelekea mlango wa chumbani. "Ila usijali, nimeshamalizana nao."

Komeo hakujibu. Hata enzi zake golini alikuwa mtu wa maneno machache. Mabeki walilalamika kwamba kipa wao huwagombeza kwa macho tu. Jina Komeo alipewa na mashabiki, kwa sababu siku yake ikifika hapiti mtu wala mpira.

Mkewe alikuwa mhariri mgeni, na mwanzoni alikiona cha mtema kuni. Vidole vyake, vya mpiga chapa mstaafu, vilikuwa na kasi, ila kasi si ujuzi. Alifuta jedwali zima la mechi kwa bahati mbaya. Aliandika kwamba Komeo alikuwa na mikono mizuri kuliko makipa wote, sentensi ikaondolewa kabla hajanyanyuka kitini. Basi akapewa mlezi, mhariri wa siku nyingi ambaye hakuwahi kumwona sura, aliyemfundisha kwa ujumbe mfupi mfupi. Usitengue bila kueleza sababu. Usigombane na mtu, nenda ukurasa wa majadiliano. Andika kilichochapishwa, si unachokijua, maana kujua mwenyewe si chanzo.

Mlezi aliwahi kumuuliza kama ana undugu na Komeo, kwa kuwa kuhariri ukurasa wa mtu wako hakupendezi. Akajibu kwamba huyo ni kipa aliyempenda tangu usichana wake. Uongo haukuwemo hata chembe. Jina lake la uhariri lilikuwa Bawaba, nalo alilichagua mwenyewe: yeye Komeo, mimi Bawaba, mlango ni mmoja.

Ujumbe wa mlezi ndio uliokuwa mazungumzo yake ya siku. Majirani walikuwa na shughuli zao. Binti yake, muuguzi, alipiga simu akitoka zamu, akauliza kama mama amekula, akaaga. Walikuwa wamekwaruzana kwa ajili ya mambo ya baba, na tangu hapo kila mmoja alipima maneno yake kama dawa. Upweke ulimuuma mama, hasa jioni, na jioni ndipo yule mtu asiye na jina alipokuja na kifo chake.

Mtu huyo hakuwa na akaunti, alionekana kama tarakimu tu. Bawaba alimwita kwenye majadiliano, akamuuliza kwa adabu chanzo kiko wapi: gazeti gani, redio gani, tangazo gani la klabu.

"Sina gazeti," mtu yule aliandika. "Ninajua mwenyewe."

"Kujua mwenyewe si chanzo," Bawaba alijibu, akajisikia mhariri kamili.

Mlezi aliingia kuamua. Alipekua magazeti, tovuti ya klabu, kumbukumbu za chama cha mpira, asiambulie kitu. Komeo anabaki hai, aliandika, na wewe mwanafunzi wangu umehitimu. Bawaba alifurahi hadi akacheka peke yake. Baadaye furaha ikaingia doa: mtu aliyejaza viwanja, leo hakuna gazeti linalompa hata mstari mmoja.

Jumapili binti alikuja bila kutoa taarifa, na mfuko wa machungwa mkononi. Chumbani redio ilikuwa ikitangaza mpira kwa sauti ya juu. Alipotaka kwenda kuipunguza, mama alimwambia aiache, Komeo hapendi kukosa kipindi cha pili. Binti alisimama kidogo pale mlangoni, kisha akageuka kupeleka machungwa jikoni. Alipopita nyuma ya kiti cha mama, macho yake yakaangukia kioo cha kompyuta.

Alisoma kwa muda.

"Kumbe Bawaba ni wewe," alisema.

Mama aliendelea kupiga chapa.

"Mama, yule asiye na jina ni mimi." Alivuta kiti akakaa, mfuko wa machungwa ungali mapajani. "Hakuna gazeti lililomwandika. Nikasema angalau hapo pawe na neno. Nakuomba uniachie."

"Leta chanzo."

"Chanzo gani, mama? Tulimzika, mimi na wewe. Udongo wa kwanza uliutupa wewe."

Chumbani uwanja mzima ulishangilia bao. Mama aligeuza kichwa kusikiliza, akangoja kelele zitulie, kisha akairudia kompyuta na kuweka kidole juu ya "tengua".

"Kujua mwenyewe si chanzo, mwanangu."