Kidude cha Tumpe

Siku hizi kila mtoto huvaa kidude sikioni kinachonasa Kiingereza kinachosikika kwao na kumfundisha kilekile. Kwao Tumpe hakuna aliyekijua Kiingereza, hivyo chake kilikuwa kimya kama jiwe.

Mama yake, Anyimike, alikuwa dada wa kazi Mikocheni. Kila akiwasikia watoto wa madamu wakimwaga Kiingereza mezani, roho ilimuuma. Wangu kakosa nini? Akakificha kidude cha Tumpe kwenye kabati la vyombo, jikoni kwa madamu, kisikilize mwezi mzima, kisha akamrudishia.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja alimwekea binti yake chai. Tumpe hakuinua hata macho. Alisukuma kikombe, akasema kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya madamu kabisa: "Imepoa. Huna akili wewe?"

"Samahani, madamu," mdomo wa Anyimike ukajibu kabla hajauzuia.