Rangi ya Kwanza

Ubao wa maelezo, wa maonyesho ya magari ya kale, ulibakiwa na pengo moja tu: rangi ya kwanza ya gari. Ili ahakikishe, Mideva akakwangua rangi ya buluu ndani ya madigadi ya Pijo la mjomba wake. Chini yake palikuwa peupe, na bati lilikuwa limenyooshwa kwa nyundo.

Akaacha kukwangua.

Pijo jeupe ndilo lililomgonga mama yake barabarani pale Kware, likamuua na kutokomea. Mjomba akamzika dada yake, akamlea Mideva. “Langu lilitoka kiwandani buluu,” alizoea kusema, hata bila kuulizwa.

“Umeandika rangi?”

Mjomba alikuwa nyuma yake, na vikombe viwili vya chai.

“Bado, mjomba.”

“Andika buluu, mwanangu,” akasema polepole, huku akiyasaga kwa kiatu maganda ya rangi, ya buluu na meupe, yaliyodondoka sakafuni.