Kobe Apima Mivuto

Kobe, mwalimu wa kemia, ndiye pia aliyekuwa hakimu wa wanyama. Mbuzi alifika kwake akiwa ameng'ang'aniwa na Fisi wawili, mmoja kamshika pembe, mwenzake mkia.

"Mwalimu, wananivuta!"

"Tangu ufike hapa, umesogea?"

"Sijasogea, lakini nachanika!"

Kobe akatabasamu. "Molekuli ya maji ina upolari, yaani ncha moja chanya na nyingine hasi, kwa sababu mivuto yake imeelemea upande mmoja. Ya kaboni dioksidi haina, maana inavutwa huku na huku sawasawa, mivuto ikafutana. Wewe ni kama hiyo ya pili. Hakuna anayekuvuta."

Mbuzi akapasuka katikati. Kila Fisi akaondoka na kipande chake.

Kobe akavipima kwa macho, akaona vinalingana, akarudi darasani ameridhika kabisa.