Dawa ya Injekta

Fundi Shomvi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akacheka.

"Mzee Mbwana, umetia tena kwenye petroli dawa ya kusafisha injekta? Gari utaliogesha mpaka libanduke ngozi!"

"Kidogo tu, fundi."

"Kila wiki? Ikizidi inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, injini inasagika. Leo nakutilia mpya. Na ukiacha hiyo dawa, hatuonani mpaka mwakani!"

Mzee Mbwana hakucheka. Tangu amzike mkewe, ni hapa gereji tu alipoitwa kwa jina. Chai aliyokaribishwa aliinywa taratibu, mpaka ikapoa.

Nyumbani alizima gari, asishuke. Chini ya kiti ilibaki chupa moja ya dawa. Akaipakata, akafyatua mlango wa tangi la petroli, akalegeza kifuniko cha chupa, akawa anasikiliza injini ikipoa.