Kikao cha Kumnusuru Swala Mdogo

Swala mdogo alimtoroka Fisi, aliyezoea kuwahadaa watoto kwa ahadi ya kazi kisha akawauza kwa Simba. Akakimbilia kwa wakubwa wa pori.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Nina njaa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nawalisha waliokwisha kupata pa kulala. Nenda kwa Nungunungu."

Nungunungu, mwenye mapango, akasema, "Pole sana, mwanangu. Nawalaza wenye mlinzi tu. Mwone Nyati."

Nyati, mkuu wa ulinzi, akakataa kumlinda mwenye njaa, asije akamfia mikononi.

Swala akalia mpaka wakubwa wakaona haya, wakaitisha kikao cha kushirikiana. Wakatambulishana, wakapongezana, wakala sambusa. Swala alibaki nje, maana hakualikwa.

Kiboko akiwa bado anatoa neno la shukrani, Fisi alifika mlangoni.

"Mwanangu, chakula kipo, mahali pa kulala papo, na njiani nitakulinda mwenyewe."

Swala alimjua vizuri, lakini njaa ilimshinda. Akamfuata.

Wakubwa walipotoka hawakumwona. Nyati akatabasamu. "Mnaona? Tumeshirikiana leo tu, na tatizo limekwisha."