Sikio la Mzee Kitwana

Siku ya kwanza ya somo la kuwahudumia wagonjwa kwa simu, darasa zima la wanafunzi wa uuguzi liliangua kicheko. Mzee Kitwana, mgonjwa wao wa kwanza, alikuwa nyumbani kwake ameibandika simu ya video sikioni, na kwenye kioo cha simu ya darasani likaonekana sikio tupu.

Sista Perpetua, mwalimu wao, hakucheka. Alikumbuka enzi zake, alipokwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba, akiketi mkekani na kuushika mkono wa mgonjwa kabla hajasema neno. Mkono ungepitaje kwenye simu?

"Shikamoo babu," alisema Lusajo, mwanafunzi aliyepewa zamu. "Kidonda cha mguu kinaendeleaje?"

"Marahaba. Kipo."

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu mzee akikataa kwenda kliniki kusafishwa kidonda.

Lusajo akaiweka kando karatasi ya maswali. "Leo umekula nini, babu?"

"Chai kavu."

"Nani kakupikia?"

"Mwenyewe. Mpishi wangu nilimzika mwezi wa Rajabu."

Perpetua alitaka kumnong'oneza kijana la kusema, akajizuia. Lusajo aliinamia simu kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda.

"Pole sana, babu. Sina haraka, nakusikiliza. Alikuwa akikupikia nini?"

Mzee akasimulia mkate wa kumimina, harufu ya iliki, na wimbo aliouimba mkewe akichochea moto. Alipomaliza, sikio likaondoka kwenye kioo. Ukaonekana mguu, na vidole vikikifungua kitambaa cha kidonda, mzunguko baada ya mzunguko.