Mlango wa Kushoto

Siku hizi kila jengo lina milango miwili. Wa kulia hukupiga eksirei mpaka mifupani, kuona kama umeficha silaha. Wa kushoto hutumia mawimbi ya sauti, nao ni wa wajawazito, kwa kuwa mionzi ya eksirei humdhuru mtoto aliye tumboni.

Basi mwezi uliopita, Tausi alipopita kushoto kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulijua kabla hajamwambia hata mama mkwe wake, Bi Mwantumu. Majirani walipiga vigelegele kwenye ngazi. Bi Mwantumu alifura kwa hasira. Tangu lini mimba changa ikatangazwa? Kwao hufichwa mpaka tumbo lenyewe liseme.

Sasa Tausi na mkwewe walikuwa wanarudi kutoka hospitali. Mimba ilikuwa imeharibika. Majirani walikaa barazani, wakingoja kuona Tausi ataingia mlango upi.

"Mama, nitapita kulia tu," Tausi alinong'ona.

"Ili wakutazame kama sinema? Hupiti, mwanangu!" Bi Mwantumu alimshika mkono, akawageukia majirani. "Na nyie, hamna makwenu? Hamna haya?"

Akamwingiza mkwewe mlango wa kushoto, naye akafuata nyuma yake, bibi mzima mwenye mvi. Majirani wakainamisha macho.

Mlango uliwapima wote wawili, kisha ukasema kwa sauti laini iliyosikika mpaka barazani: "Hakuna mtoto. Tafadhali rudini, mpite kulia."